Mstari mwekundu shingoni mwa mtoto: mjue mdudu huyu kabla hujamnyooshea mtu kidole

Mvua za Tukuyu zikishakolea, simu yangu huanza kupokea picha ambazo mtu hapendi kuziangalia akiwa mezani. Shingo ya mtoto yenye mstari mwekundu uliovimba. Jicho lililofumba kwa uvimbe, kope zimejaa kama andazi. Paja la mama lenye malengelenge madogo yaliyojipanga kama shanga. Chini ya picha huwa kuna swali lililoandikwa haraka haraka: "Dada, hii ni nini?"

Wanaonitumia ni ndugu na majirani wa nyumbani, Msasani, pale pale Tukuyu mjini. Wanajua kuwa mimi si daktari, ni mwandishi wa habari za afya, lakini kwao aliyesoma chuo na kuandika kuhusu hospitali yuko karibu vya kutosha. Na mara nyingi mtu anapouliza, tayari ana jibu lake mfukoni. Wengine husema mtoto amekojolewa na buibui usiku. Wengine husema ni mkanda wa jeshi. Wapo wanaoshuku mkono wa mtu mbaya. Na wapo wanaosema, tena kwa hasira, kwamba mtoto amechomwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike wiki hii.

Mhusika halisi, mara nyingi, ni mdudu mdogo mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10, yaani hazidi upana wa ukucha wa kidole chako kidogo. Ukimwona kwa haraka utadhani ni siafu aliyevaa sare. Kichwa ni cheusi. Kifua ni cha rangi ya chungwa iliyokolea. Katikati ya mwili ana mkanda wa buluu au kijani kibichi unaong'aa kidogo, halafu tumbo linarudi kuwa la chungwa, na ncha yake ya mkiani ni nyeusi tena. Yaani nyeusi, chungwa, buluu, chungwa, nyeusi. Mfundishe mtoto mpangilio huo na hatamsahau.

Huo mkanda wa buluu ndio mabawa yake ya juu, magumu na mafupi kama kizibao kinachoishia kiunoni. Chini yake amekunja mabawa mengine laini ya kurukia, na anayakunja kwa ustadi kiasi kwamba watu wengi huapa kuwa mdudu huyu haruki. Anaruka. Ila akishatua hupenda kukimbia, na anakimbia kweli. Ukimgusa au ukimziba njia, huinua mkia juu kama nge. Hapo watoto hukimbia wakidhani anauma, kumbe hana mwiba na wala haumi mtu.

Kwa ukoo ni mbawakawa. Wataalamu humwita Paederus, na duniani kuna aina zaidi ya 600 za jina hilo. Kwetu Afrika Mashariki anajulikana zaidi kama nzi wa Nairobi au mdudu wa Nairobi, jina ambalo limekosea mara mbili, kwa sababu si nzi na wala haishi Nairobi peke yake. Alipata umaarufu huo baada ya kusumbua wakazi wa jiji lile kila mvua zinapozidi, na hasa wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, ambapo watu wengi nchini Kenya walijikuta na ngozi zilizoungua na macho yaliyovimba. Jina likashika. Mwezi Julai 2022 wanafunzi wapatao 100 wa chuo kimoja cha uhandisi katika jimbo la Sikkim, India, walipatwa na malengelenge, na vyombo vya habari vya huko vikaandika kuhusu "nzi wa Nairobi" kana kwamba mdudu alipanda ndege Jomo Kenyatta. Hakusafiri. Wahindi wana wa kwao, kama Waindonesia walivyo na wa kwao wanayemwita "tomcat", jina la ndege ya kivita, aliyezua taharuki Surabaya mwaka 2012.

Sasa anaishi wapi? Hapa ndipo sisi wa Rungwe tunapoingia moja kwa moja. Mdudu huyu ni wa udongo wenye unyevu. Makazi yake ni kingo za mito na vijito, pembezoni mwa mabwawa, mashamba ya mpunga, mitaro, chini ya majani yanayooza. Jike hutaga yai moja moja kwenye udongo uliolowa, na mayai pamoja na mabuu yake hayavumilii ukavu kabisa. Udongo ukikauka, yanakufa. Ndiyo maana kiangazi humwoni, na mvua zikinyesha wiki kadhaa mfululizo wanaongezeka ghafla kana kwamba wamemwagwa.

Wilaya yetu ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Kwenye miinuko ya kuuzunguka mlima Rungwe huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Mei ni nadra kuanika nguo zikakauka siku hiyo hiyo. Tuna mto Kiwira, tuna Mbaka, na kati ya hiyo kuna vijito vingi visivyohesabika vinavyopita chini ya migomba, nyuma ya vyoo, kando ya shule. Kila nyumba ina lundo la majani ya migomba yanayooza, kwa sababu hiyo ndiyo mbolea yetu. Kwa binadamu ni shamba. Kwa mdudu huyu ni mtaa wenye huduma zote. Na tusijifariji kwa baridi ya Tukuyu, kwani Nairobi nayo iko juu, tena juu kidogo kuliko sisi.

Mchana hukaa huko huko shambani akiwinda, na usiku ndipo anapokuja kwetu, kwa sababu ya taa. Kama wadudu wengi wa usiku, huvutwa na mwanga, hasa mweupe mkali wa taa ndefu za tyubu na balbu hizi za siku hizi. Huingia dirishani, hutua ukutani, hutembea darini, na taa ikizimwa au akichoka huangukia kitandani. Mtoto amelala. Anahisi kitu kinatambaa shingoni. Anafanya kile ambacho wewe na mimi tungefanya usingizini: anapiga, anasugua, anageuka upande.

Basi, kazi imekwisha. Sumu haiko mdomoni wala mkiani, iko ndani ya mwili wa mdudu, kwenye maji maji yanayozunguka humo kama damu yetu. Akipondwa, hayo maji hupakwa kwenye ngozi, na mkono ukiburuza, nayo huburuzwa. Ndiyo sababu alama mara nyingi huwa mstari, kana kwamba mtu alipitisha kijiti cha moto.

Sumu yenyewe inaitwa pederini. Jambo lililonishangaza nilipoisoma ni kwamba mdudu haitengenezi mwenyewe. Inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, jambo ambalo watafiti wa Ujerumani walilithibitisha miaka ya mwanzoni mwa 2000. Mama huwarithisha mayai yake sumu hiyo, na mabuu yanayotoka humo hukwepwa na buibui wanaowinda ardhini. Kwa hiyo shida yote hii ya ngozi zetu ni ulinzi wa mtoto wa mdudu dhidi ya buibui. Sisi tumeingilia ugomvi usiotuhusu.

Pederini huzuia chembe hai za ngozi kutengeneza protini na kugawanyika. Haichomi hapo hapo kama maji ya moto, na hili naomba ulishike. Mtoto analala vizuri, anaamka vizuri, anakwenda shule. Wekundu na kuwaka huanza kati ya saa 12 na 36 baadaye, mara nyingi siku inayofuata. Siku ya pili au ya tatu yanatokea malengelenge, mengine yenye kitu kama usaha. Kisha yanakauka, yanafanya gaga, yanabanduka. Kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi tatu ngozi inakuwa imepona, ila doa jeusi hubaki wiki au miezi kabla ya kufifia.

Kwa sababu ya huko kuchelewa, hakuna anayekumbuka mdudu. Na pale ambapo hakuna anayekumbuka mdudu, anatafutwa mtu.

Mwaka juzi mwezi wa Aprili nilikuwa nyumbani likizo. Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mama mmoja mfanyabiashara wa parachichi, ambaye siku nyingine hulala Mbeya kwa ajili ya mzigo. Watoto wake wawili hubaki na binti wa kazi, wa miaka 18, anayetoka upande wa Busokelo. Watoto walimwita dada na mdogo alikuwa halali bila yeye. Mama alisafiri Alhamisi. Jumamosi mchana aliporudi, akamkuta mdogo, wa miaka minne, ana mstari uliovimba kuanzia chini ya sikio hadi karibu na bega, na malengelenge yameanza.

Siku ya Ijumaa jioni binti alikuwa amepiga pasi sare za shule. Pasi ilikuwa bado iko juu ya meza. Mama aliangalia shingo, akaangalia pasi, na hesabu ikakamilika kichwani mwake.

Kelele tulizisikia hadi kwetu. Binti alilia, akasema, "Mama, sijamchoma, niliona asubuhi pamekuwa pekundu." Akaulizwa, sasa kimemchoma nini? Hakuwa na jibu, na ni nani angekuwa nalo? Mtoto naye alipoulizwa kama dada alimuunguza, alikaa kimya, halafu akatikisa kichwa kukubali, maana watu wazima watano walikuwa wamemwinamia wakisubiri akubali. Kabla ya saa kumi binti alikuwa amefungasha mfuko wake. Mshahara wa mwezi ule aliambiwa utalipia matibabu.

Mama yangu ndiye aliyenituma nikaangalie, "wewe si ndiye wa mambo ya afya." Nilimwambia jirani kwamba picha kama ile nimeziona nyingi na kwamba ampeleke mtoto kwa mtaalamu, asipake kitu. Alikuwa tayari ameshapaka dawa ya meno. Jumatatu walikwenda, nami nikawasindikiza. Tabibu, kijana wa makamo yangu, hakuuliza habari ya pasi. Aliuliza kitanda cha mtoto kiko wapi na taa iko wapi. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na taa ya nje, balbu nyeupe kubwa ya ulinzi, ilikuwa upande wa pili wa dirisha hilo hilo. Kisha akamwambia mtoto anyooshe mkono wa kushoto. Ndani ya kiwiko, pale ngozi inapokunjika, kulikuwa na madoa mawili mekundu yanayotazamana, moja juu ya mkunjo na jingine chini yake, yanafanana kama mtu na kivuli chake.

"Pasi haiwezi kufanya hivi," alisema. Sumu ilikuwa imeshuka kwa mkono, mtoto akakunja kiwiko, upande mmoja ukapaka mwenzake. Madaktari huzitafuta alama hizo pacha kwa sababu zinaeleza mengi kuliko maneno ya mtoto wa miaka minne.

Jioni ile mama alipiga simu Busokelo. Alipokea baba wa binti. Alisalimia vizuri, akasikiliza maelezo yote, akashukuru kwa kupigiwa. Akasema pesa itumwe kwa namba hiyo hiyo, na kwamba binti hatarudi.

Naijua hasira ya mzazi anayeona jeraha kwa mwanawe, na sitaki mtu asome hapa akadhani nawaambia wazazi wawe wapole tu. Watoto huchomwa kweli katika nchi hii, kwa pasi, kwa mwiko, kwa sigara, na mara nyingine na watu wa damu yao. Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ikiwa dalili zinaonesha ukatili, kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na kuna namba 116 ya kupiga bure. Lakini angalia kwanza. Moto huuma papo hapo, na mtoto wa miaka minne aliyeguswa na pasi angeamsha mtaa. Alama ya pasi hufuata umbo la pasi. Alama ya mdudu huchelewa, hupinda, hutokea sehemu zilizo wazi usiku, yaani shingoni, usoni na mikononi, na mara nyingi ina pacha wake mahali ngozi inapokunjika. Na usimhoji mtoto huku umemwinamia na jibu lako.

Kosa la pili linalowatesa watu wazima zaidi ni la mkanda wa jeshi. Mama akiamka na malengelenge yaliyojipanga kiunoni, mtaani hawasemi kitu, wanatazamana tu, kwa kuwa wengi wameuhusisha mkanda wa jeshi na VVU. Nimeongea na mwanamke aliyekaa ndani siku kumi kwa ajili hiyo. Si kila mwenye mkanda wa jeshi ana VVU, kwa kuwa aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata. Na mkanda wenyewe una tabia zake: hukaa upande mmoja wa mwili, haupendi kuvuka mstari wa katikati, na mara nyingi maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya malengelenge. Wa mdudu hauna adabu hiyo, unaweza kuvuka popote mkono ulipopita. Hatuko peke yetu katika kuchanganya. Malaysia mojawapo ya majina ya mdudu huyu maana yake ni "siafu wa mkanda wa jeshi". Kipimo kipo, na mhudumu wa afya atatofautisha kwa kuangalia na kuuliza. Kukaa ndani siku kumi hakutofautishi chochote.

Shule za bweni nazo zina lao. Bweni likiwa na taa kali usiku kucha, madirisha yasiyo na wavu na mto chini ya kilima, wanafunzi 20 wanaweza kuamka na madoa wiki moja. Uvumi huanza kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza, au ni mapepo, na wazazi huanza kuwafuata watoto. Hauambukizi. Mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake malengelenge haya kwa kulala naye au kugusana. Kinachoweza kuhama ni sumu mbichi iliyobaki kwenye kidole, taulo au shuka, na hiyo inaondoka kwa sabuni.

Sabuni na maji ndiyo dawa ya kwanza, na kwa bahati nzuri ipo kila nyumba. Ukimponda mdudu huyu mwilini, usisubiri uone kitakachotokea. Osha mahali pale mara moja kwa sabuni na maji mengi, osha na mikono, kisha badili shuka na nguo ya kulalia uzifue. Ukiwahi, alama inaweza kuwa ndogo sana. Ikiwa wekundu umeshatokea, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hupunguza kuwaka. Usitumbue malengelenge. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, wala maji ya betri, ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu yakipendekezwa kwenye mazishi. Kucha za mtoto zikatwe fupi, maana akijikuna anaingiza vijidudu vingine na hapo ndipo kidonda kidogo kinakuwa kikubwa. Kwenye zahanati anaweza kupewa krimu ya kupunguza uvimbe na dawa ya kutuliza mwasho, na antibayotiki kama kimeshaingia uchafu. Krimu hizo kali usijinunulie tu duka la dawa muhimu na kumpaka mtoto usoni kwa sababu ya jirani zilimfaa.

Jicho ni habari nyingine. Wengi hawaangukiwi na mdudu jichoni, wanampondea shingoni kisha wanafikicha jicho kwa mkono ule ule. Kope huvimba, jicho huwa jekundu na kutoa machozi, mwanga huumiza. Huko Kenya wanaita hali hiyo jicho la Nairobi. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa bila kubana, kisha nenda kituo cha afya, usisubiri kesho. Maziwa ya mama, maji ya sukari na majani ya chai yabaki jikoni. Na matone ya macho uliyobakiza tangu mwaka jana yatupe, kwani baadhi yana dawa ambazo hazitakiwi kuwekwa kabla jicho halijakaguliwa. Wengi hupona bila kuharibika uwezo wa kuona, lakini kioo cha jicho kinaweza kuathirika, na hilo mzazi huwezi kuliona kwa tochi ya simu.

Kuzuia hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji saa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni funga madirisha ya vyumba vya watoto, ndipo uwashe taa. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunawasha taa, tunapika, tunafunga madirisha tukienda kulala, wakati wageni wameshaingia zamani. Taa ya ulinzi ikiwezekana isikae karibu na dirisha, na balbu ya rangi ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Kitanda kivutwe kidogo kutoka ukutani na kisikae chini ya taa. Kung'uta shuka kabla mtoto hajapanda. Lundo la majani ya migomba lisogezwe mbali na nyumba, usiliache chini ya dirisha. Na chandarua chenye dawa, kile kile cha malaria, kikiwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro, humzuia na huyu pia. Huko kwetu baadhi ya watu wanakidharau kwa kusema Tukuyu ni baridi na mbu ni wachache. Haya, sababu nyingine hiyo.

Ukimwona juu ya mwili wako, usimpige. Mpulize kwa nguvu, au weka kipande cha karatasi mbele yake apande mwenyewe. Watoto wadogo huliweza zoezi hili kuliko sisi, kwa sababu wanalichukulia kama mchezo. Akiwa ukutani, unaweza kumponda kwa kiatu au karatasi, mradi usimguse kwa mkono na ufute mahali pale.

Sipendekezi kupuliza dawa shamba zima kwa ajili yake, ingawa najua kuna atakayeniuliza. Huyu ni mwindaji. Mchana kutwa anazunguka kwenye mahindi, maharage na mpunga akila vidukari, mayai na mabuu ya wadudu wanaotuharibia mazao, na wakulima wa mpunga katika nchi nyingi humhesabu kuwa rafiki. Ukimuua huko, vidukari watakushukuru. Mama yangu, ambaye maharage yake yako hatua chache kutoka kijito, amekuwa akiwatoa ndani kwa karatasi ya daftari la zamani. Huwa anafungua mlango wa nyuma, anaitikisa karatasi upande wa shamba, anarudi kuosha mikono kwa sabuni, halafu anaendelea na kipindi chake cha redio.